Samaki kwenye meza ya Karamu ya Mwisho: picha za stensili za Watanabe Sadao na batiki zetu

Fundi wa Mbagala

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zangu wasio wa imani hiyo, salamu na heshima.

Mimi ni fundi wa batiki hapa Mbagala, na ninaomba mawazo ya wenye ujuzi kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Majilio. Parokia moja hapa jijini iliniagiza kitambaa kikubwa cha kutundika nyuma ya altare siku ya Alhamisi Kuu, chenye Karamu ya Mwisho. Mfano niliopewa ulikuwa ile picha ambayo karibu kila mmoja wetu ameiona sebuleni kwa shangazi au mjomba: meza ndefu, Mitume wamepangwa upande mmoja, na sura zote za Kizungu. Niliipokea kazi kwa sababu ndiyo riziki yangu, lakini kila nilipoanza kuichora mkono ulikuwa mzito, kwa maana nta haikubali vivuli laini vya picha ile, na mimi mwenyewe sikuona mahali pa kuingilia.

Siku hizo hizo mtawa mmoja aliyewahi kufanya utume Japani alinionyesha kadi aliyoitunza kwa miaka mingi ndani ya kitabu chake cha sala. Ilikuwa ni Karamu ya Mwisho pia, ila Yesu na Mitume walikuwa wamevaa kimono zenye mapambo, wameizunguka meza kwa kusogeleana mpaka mabega yanagusana, nyuso zao ndefu, macho makubwa yaliyo wazi kabisa, na kila umbo limezungushiwa mstari mnene mweusi. Katikati ya meza alilala samaki mzima, kichwa na mkia vikiwa mahali pake. Hata katika kadi ndogo namna ile niliona kwamba karatasi ya awali ilikuwa na mikunjo myembamba, kana kwamba mtu aliifinya mkononi kisha akaikunjua, na rangi ikaingia katika ile mikunjo kama inavyoingia kwenye nyufa za nta. Nilimwomba mtawa aniachie kadi kwa usiku mmoja, nikaitazama chini ya taa hadi saa sita. Nyuma palikuwa na jina moja tu, Watanabe Sadao.

Nilichora rasimu yangu nikaweka samaki aina ya changu juu ya meza, Mitume nikawavika mashuka na kanzu za watu wa hapa. Halmashauri ya parokia ikagawanyika. Mzee mmoja alisema kwa uchungu wa kweli kwamba meza ya Bwana haiwezi kugeuzwa kuwa meza ya mgahawa wa Feri, kule soko la samaki, na mimi sikuwa na jibu la kumpa kwa sababu sikujua kwa nini huyo Mjapani alimweka samaki pale.

Naomba kujua mambo haya: mtu huyu alikuwa nani, samaki wake ana maana gani, picha zake zilitengenezwa kwa njia ipi, na je, njia hiyo inaweza kufanyika juu ya kitambaa kwa vitu vinavyopatikana Kariakoo?

Mkazi wa Upanga

Milele na milele, amina. Ndugu yangu Fundi, nilisoma Japani kwa miaka kadhaa, na picha za mzee huyo ni miongoni mwa vitu nilivyovitafuta kila nilipopata nafasi, kwa hiyo utanivumilia nikienda kwa urefu.

Ni lazima kuanza na jinsi Ukristo ulivyopokelewa kule. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549, na kwa miongo michache waamini waliongezeka kwa kasi, hadi watawala walipoanza kuwashuku. Tarehe 5 Februari 1597 watu 26 walisulubiwa Nagasaki, na mwaka 1614 dini ikapigwa marufuku nchi nzima. Likaja zoezi ambalo kila ninapolifikiria, kama mtu anayependa picha, linaniuma: watu waliamriwa kukanyaga picha ya Kristo au ya Bikira Maria mbele ya maofisa, na aliyesita alijulikana kuwa Mkristo. Picha hizo ziliitwa fumi-e. Waliobaki walisali kwa siri, bila mapadre, kwa zaidi ya miaka 200, mpaka baadhi yao walipojitokeza katika kanisa la Oura kule Nagasaki mwaka 1865, na marufuku yenyewe ikaondolewa mwaka 1873. Hata leo Wakristo wa Japani ni kama mmoja tu katika kila watu 100. Mchoraji wa huko anayemchora Yesu, basi, anawachorea majirani ambao wengi wao hawaijui hadithi yenyewe.

Watanabe alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi, na alibatizwa akiwa na miaka 17. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzoni Ukristo ulimpa shida kwa sababu ulikuwa na harufu ya siagi. Wajapani wana neno hilo, bata-kusai, yaani kinachonuka siagi, nao hulitumia kwa kitu chochote chenye ugeni wa Kizungu uliozidi. Nadhani ndugu Fundi ataelewa mara moja, kwa kuwa ule uzito wa mkono alioueleza mbele ya picha ya sebuleni ni jambo hilo hilo.

Kijana huyo alifanya kazi kwa mpaka rangi wa kimono kabla hajawa mwanafunzi wa Serizawa Keisuke, na hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Serizawa, aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa bingwa wa kupaka rangi kwa stensili. Mwaka 1956 serikali yao ilimpa heshima ya kuwa Hazina Hai ya Taifa kwa ufundi huo. Alijifunza mengi kutoka Okinawa, visiwa vya kusini vyenye vitambaa vinavyoitwa bingata, vya rangi za kung'aa, maua na ndege. Naye Serizawa alikuwa mtu wa karibu wa Yanagi Soetsu, ambaye pamoja na rafiki zake wafinyanzi waliunda neno mingei mwaka 1925, kwa maana ya ufundi wa watu wa kawaida, na mwaka 1936 akafungua jumba la makumbusho ya ufundi huo jijini Tokyo. Fundisho la Yanagi lilikuwa kwamba bakuli la wali, shuka la kujifunika na kikapu cha sokoni, vilivyotengenezwa na fundi asiyeandika jina lake, vina uzuri ambao msanii mwenye kujitafutia sifa hawezi kuufikia.

Yanagi alizungumza hayo kwa lugha ya Kibudha zaidi. Watanabe aliyachukua akayapeleka kwenye Biblia, na kwa maoni yangu yanakaa vizuri sana huko, kwa sababu Injili yenyewe imejaa vyombo vya nyumbani: taa, chachu, mtungi, kiraka cha nguo kuukuu. Mwaka 1947 jumba lile la Yanagi lilimpa tuzo ya kwanza kwa picha ya habari za Ruthu, yule mjane mgeni aliyeokota masazo shambani. Mwaka 1958 alipata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya picha za chapa za Kijapani huko New York, kwa picha ya Musa na nyoka wa shaba. Baada ya hapo picha zake zikaingia Vatikani, katika British Museum ya London, hata katika Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Lyndon Johnson. Lakini alichokitamani zaidi, na alilisema hilo mara nyingi, ni picha hizo zitundikwe mahali ambapo watu wa kawaida hukutana. Maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1996, alichora habari za Biblia karibu pekee: Nuhu na wanyama wake, Yona, wanawali wenye taa, safari ya kwenda Misri.

Sasa samaki. Anaitwa tai, samaki wa baharini mwenye rangi nyekundu, kwa umbo anakaribiana na changu wetu. Wajapani humweka mezani akiwa mzima siku ya harusi, siku ya mwaka mpya na siku ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, kwa sababu neno lao la kusherehekea, medetai, linaishia kwa sauti ya jina lake. Mjapani asiyejua lolote kuhusu Pasaka akimwona tai katikati ya meza anatambua papo hapo kwamba hii si chakula cha jioni cha kila siku. Watanabe alihitaji kuwaambia majirani zake kwamba hii ni karamu, na akawaambia kwa samaki.

Mama wa Kigamboni

Mwanangu Fundi, ya historia namwachia ndugu wa Upanga, nami nitasema ya mikono. Nimefundisha batiki tangu nikiwa msichana, na miaka ya nyuma nilibahatika kuhudhuria mafunzo ya siku kumi ya upakaji rangi wa Kijapani, nikatoka na daftari ambalo ninalo mpaka leo.

Wa umri wangu mnaikumbuka stensili ya mitihani, ile karatasi ya nta iliyotobolewa kwa mashine ya taipu, wino ukapita matundu na kutoka upande wa pili. Hii ya Kijapani ni jamaa yake, ila inakatwa kwa kisu chenye ncha, na kinachopita kwenye matundu ni gundi, wala si wino. Mahali gundi ilipokaa, rangi haiingii. Gundi ikishakauka unapaka rangi kwa brashi, unaiacha ikauke, kisha unaosha kwa maji mengi, na pale gundi ilipokuwa panatokea peupe. Kwa hiyo kazi yake na ya nta yetu ni moja. Tofauti ni kwamba nta tunaimwaga ikiwa ya moto na kuiondoa kwa maji yanayochemka, wakati gundi huwekwa ikiwa baridi na kuondoka kwa maji ya kawaida, na kwa kuwa inapita kwenye karatasi iliyokatwa, mstari wake huwa mkali kama ulivyouona kwenye kadi.

Karatasi yao ya stensili ni tabaka kadhaa za karatasi ya magome ya mti wa jamii ya mforosadi, zilizogandishwa pamoja kwa maji ya tunda bichi la mti wanaouita kaki. Nilionja tone moja kwa udadisi, na ukakasi wake ni kama wa bibo bichi, ulimi unashika kwenye kaakaa. Ukakasi huo ndio unaoifanya karatasi iwe ngumu, ya rangi ya kahawia, na isilegee inapolowa.

Sikiliza sana hapa, kwa sababu ndipo wanafunzi wote wanapoharibu. Ukikata duara kamili, kilichomo ndani ya duara kinadondoka. Ukitaka jicho lenye mboni, mboni haina mahali pa kujishikilia, kwa hiyo ni lazima uache kidaraja chembamba cha karatasi kinachoiunganisha na kope au na pua. Mafundi wa Japani hubandika wavu mwembamba wa hariri juu ya stensili iliyokwisha kukatwa, kisha wanaweza kuvikata vidaraja vingine kwa sababu wavu unashika kila kitu. Sisi wavu huo hatuna, basi mchoro wako ni lazima ufikiriwe tangu mwanzo kama kitu kimoja kinachoshikana, nguo na mkono, mkono na meza, meza na samaki. Ukivuta kona moja, yote yaje.

Gundi yao ni unga wa mchele unaonata pamoja na pumba laini za mchele, hupikwa kwa mvuke, halafu huongezwa chokaa kidogo na chumvi. Wakishaipitisha kwa mwiko mpana, hunyunyiza vumbi la mbao juu yake ili isishikane na kitu kingine. Rangi huchanganywa na maziwa ya soya: unaloweka soya usiku, unasaga, unachuja kwa kitambaa, na maziwa hayo ndiyo yanayoishikisha rangi. Kwa joto letu yatumie siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala yanachacha na harufu yake haifai kanisani. Kuhusu ile mikunjo uliyoiona, Watanabe alitumia karatasi nzito ya mikono iliyofinywa kwa makusudi kabla ya kupakwa rangi. Kwenye kitambaa huihitaji. Ukiitaka sana, nta itakupa nyufa zako mwenyewe.

Usihangaike kutafuta mchele wa Kijapani. Wayoruba wa Nigeria wana kitambaa kinachoitwa adire eleko, ambacho hufanywa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na kule Abeokuta mafundi wengi huupitisha kwenye stensili zilizokatwa kwa bati jembamba, kisha kitambaa huingia kwenye nili baridi, ile rangi ya buluu. Muhogo tunao. Wao huutia mrututu kidogo wakati wa kupika, lakini wewe ukiutumia usiweke sufuria hiyo jikoni tena kamwe, na watoto wakae mbali, kwa kuwa mrututu ni sumu.

Katekista Mstaafu, Kurasini

Nimeyasoma yote kwa makini na ninawashukuru, hasa Mama wa Kigamboni. Hata hivyo naomba nisimame upande wa yule mzee wa halmashauri kwa kitambo, kwa sababu sidhani kwamba alikosea kabisa.

Bwana wetu alizaliwa katika taifa la Wayahudi, akakaa mezani usiku ule kwa ajili ya Pasaka ya Wayahudi, na hilo ni sehemu ya imani yetu, si pambo la kubadilishwa kama pazia. Nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwa miaka mingi, na mtoto huamini anachokiona kuliko anachoambiwa. Nikimpa picha ya Mjapani atadhani Yesu alikuwa Mjapani. Nikimpa ya Mzungu, na tumewapa hiyo kwa vizazi kadhaa bila kuona haya, atadhani Yesu alikuwa Mzungu, na wengi wetu tulidhani hivyo kweli. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima tayari nilipotambua kwamba sura ya Kizungu niliyoitetea kwenye picha ilikuwa nayo na mahali ilikotoka.

Kwa hiyo ningependa Fundi afanye mambo mawili. Kwanza, mkate na kikombe viwe katikati, vikubwa, wala visifichwe na kitu chochote, kwa kuwa Alhamisi Kuu ni sikukuu ya vitu hivyo viwili. Pili, amweke samaki wake bila woga, kwa sababu ana haki ya Kimaandiko kuwa karibu na mkate. Kulikuwa na mikate mitano na samaki wawili. Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, Bwana aliyefufuka aliwangojea wanafunzi ufuoni akiwa amewasha makaa, juu yake kuna samaki, na mkate, akawaambia waje wale. Na Wakristo wa kwanza, walipokuwa wakiteswa, walimchora samaki kama alama ya kutambuana, kwa kuwa herufi za neno samaki kwa Kigiriki zinaanza maneno yanayomtaja Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Alama ya watu wanaosali kwa siri, ndani ya nchi ambayo watu wake walisali kwa siri miaka 200 na zaidi: sijui kama Watanabe aliyafikiria hayo wakati kisu kikiwa mkononi, lakini mimi sikuweza kulala jana kwa kuyafikiria.

Wala jambo lenyewe si geni nchini. Aliyefika Bujora, karibu na Mwanza, ameliona kanisa lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma na kutiwa alama za utemi, ili Kristo atambulike kuwa ni Mtemi. Wasukuma hawakupotea kwa ajili hiyo.

Mkazi wa Upanga

Mwalimu wangu, shikamoo, na nakubaliana nawe kuhusu mkate na kikombe. Naongeza neno moja tu ambalo huenda likamsaidia yule mzee. Ile picha ya sebuleni ni nakala ya mchoro wa Leonardo da Vinci, uliochorwa ukutani katika chumba cha kulia chakula cha watawa kule Milano miaka ya 1490. Ukarabati wake mkubwa ulipokamilika mwaka 1999 na vumbi la karne nyingi kuondoka, vyombo vya mezani vilionekana vizuri kuliko zamani, na waliovichunguza wanaeleza kwamba katika sahani mna vipande vya samaki, wanaotajwa kuwa mikunga, pamoja na vipande vya chungwa. Leonardo naye aliandaa meza kwa chakula cha watu wa kwao, mbele ya watawa waliokuwa wakila humo humo.

Muuza Kanga, Kariakoo

Assalaam alaykum. Mimi si Mkristo, na ya altare siwezi kuyaingilia, ila habari ya nguo imenigusa. Ndugu wa Upanga amesema kwamba mwalimu wa Watanabe alijifunza mengi kutoka Okinawa, kwenye vitambaa vya watu. Ikiwa Fundi anataka kufanya hivyo hapa, asiwavike watu wake mashuka matupu. Kanga ina pindo na mji, na pindo lake ndilo linaloshikilia kila kitu kama ukuta wa uani. Lile pambo la korosho linakatika vizuri kwa stensili, maana kila korosho ni umbo lililofungwa peke yake. Na ikiwa ni karamu, basi azitazame kanga za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambazo bibi zetu walivishwa siku ya harusi. Mtu yeyote wa pwani akiiona kisutu anajua kwamba pana sherehe, kama huyo tai wa Wajapani. Akija dukani nitamwonyesha za zamani, bila malipo.

Fundi wa Mbagala

Shikamoo Mama, shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu kwa mikono.

Nilikata stensili ya majaribio kwenye filamu za eksirei zilizokwisha kutumika, ambazo ni ngumu na hazilowi. Nilianza na uso wa Petro, na pamoja na onyo la Mama, jicho lilidondoka. Nilikuwa nimelikata duara zima kwa mazoea ya kuchora kwa nta, ambayo humruhusu fundi kuweka nukta popote anapotaka. Nikakata tena, mboni nikaiunganisha na kope, kope na mstari wa pua, pua na kidevu, na nilipoinua filamu kuelekea dirishani uso ule ulikuwa umeshakuwa mrefu, macho yamefunguka, bila mimi kukusudia kumwiga mtu. Hapo nikaelewa kuhusu nyuso za kwenye kadi jambo ambalo nisingeweza kuambiwa.

Uji wa muhogo niliupika bila mrututu. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, ukapenya chini ya filamu na mistari ikavimba. Wa pili niliupika mpaka mwiko ukasimama wenyewe, nikauacha upoe usiku kucha, nao ulikaa vizuri. Nilipaka rangi kwa brashi mara tatu, nikasubiri siku mbili, kisha nikakiloweka kitambaa kwenye beseni. Kwa muda hapakuwa na kitu ila tope la buluu, na mke wangu aliyekuwa amesimama nami alinyamaza. Halafu uji ukaanza kuachia kwa vipande, kwanza mkono, kisha ukingo wa sahani, kisha magamba ya samaki, moja moja, meupe kabisa.

Kipande hicho nilikipeleka kikaoni Jumapili, pamoja na maneno ya Mwalimu kuhusu Yohane 21 niliyoyaandika kwenye karatasi. Baba Paroko aliyasoma kwa sauti. Imekubaliwa kwamba mkate na kikombe vikae katikati, changu awe mbele ya vitu hivyo viwili, upande wa watazamaji, na nguo ziwe na mapindo ya kanga. Yule mzee alikishika kipande kwa muda mrefu. Kumbe katika ujana wake alivua samaki Kunduchi. Aliniambia kwamba pezi la mgongoni nimeliweka nyuma mno, akachukua kalamu akalichora upya pembeni mwa karatasi, na pezi lake ndilo nitakalolikata.

Mama, nina swali moja limebaki. Kitambaa chenyewe kitakuwa na upana wa mita tatu, na siwezi kukipaka maziwa ya soya chote kabla hayajachacha. Je, nikipake kwa sehemu, nikifuata mistari ya pindo ili maungio yasionekane, au nisage soya mara mbili kwa siku moja?